Mashine Zinazoaminiana: Jinsi Kirusi Kinavyosafiri Ndani ya Mtandao

Mwanzoni mwa mwaka 2009 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja yenye mashine 46 zilizounganishwa kwenye mtandao mmoja, na balaa ninayotaka kuisimulia hapa haikuanza na ujumbe wa kutisha wala faili zilizopotea. Ilianza na malalamiko ya kawaida kabisa. Wafanyakazi wanne walifika asubuhi, wakaandika nywila zao kama siku zote, na mfumo ukawakatalia kwa maelezo kwamba akaunti zao zimefungwa kwa sababu nywila imekosewa mara nyingi mno. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekosea. Nilizifungua akaunti hizo, na baada ya nusu saa zikafungwa tena, safari hii pamoja na nyingine kumi na moja. Kulikuwa na kitu kinachojaribu nywila za watu moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo vidole vya binadamu haviwezi kuifikia, na kilikuwa kinafanya hivyo kutoka ndani ya mashine zetu wenyewe.

Mgeni huyo alikuwa mnyoo uitwao Conficker, ambao ulianza kuonekana duniani Novemba 2008. Nilifanya kile ambacho fundi yeyote asiye na uzoefu angekifanya: nilichukua mashine iliyoonekana kuzidiwa kuliko zote, nikaisafisha kwa programu ya kuzuia virusi, nikaiwasha upya, nikahakikisha kwamba ni safi, kisha nikahamia ya pili. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesafisha mashine tisa, na nilipoirudia ile ya kwanza niliikuta imeambukizwa tena. Nilikuwa nadeki sakafu huku bomba likiwa wazi. Usiku ule nililala na swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza kwa dhati, ingawa kazi yangu yote ilisimama juu yake: kitu hiki kinapita wapi?

Nimeishi na swali hilo kwa miaka mingi sasa, nikisoma ripoti za milipuko ya zamani na ya karibuni, na jibu nililolipata ni lile lile kila mara, ingawa huja na sura tofauti. Kinachokisafirisha kirusi ni imani. Mashine moja imeambiwa iiamini nyingine, mtu anaamini jina analolifahamu, programu inaamini kila kinacholetwa mbele yake, na kirusi hupita katika njia hizo hizo ambazo tulizifungua ili kazi zetu ziende.

Ni vizuri kwanza kuyaweka majina sawa. Katika mazungumzo ya kila siku watu huita kirusi kila kitu kibaya kilichoingia kwenye kompyuta, na sioni kosa kubwa katika hilo. Mafundi, hata hivyo, hutofautisha. Kirusi, kwa maana yake finyu, ni kipande cha programu kinachojipachika ndani ya programu au faili nyingine na kusubiri mtu aifungue. Hakina miguu, hubebwa. Mnyoo una miguu yake. Ni programu kamili inayojitegemea, ambayo huitafuta mashine nyingine kupitia mtandao, ikaiingia, ikajinakili humo na kuendelea mbele bila mtu yeyote kubonyeza chochote. Conficker ulijua njia zote mbili: ulipita kwenye kebo ukiwa mnyoo, na ulipokosa kebo ulibebwa kwenye flashi kutoka mfukoni mwa mtu.

Aliyelipa neno kirusi maana ya kitaalamu ni Fred Cohen, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani. Novemba 1983 alionyesha mbele ya wenzake katika semina programu iliyojipachika ndani ya programu nyingine, na katika majaribio aliyoyafanya kwenye kompyuta ya aina ya VAX, programu hiyo ilijipatia mamlaka yote ya mfumo kwa wastani wa dakika 30, na safari moja kwa muda usiofika dakika 5. Jina la kirusi lilipendekezwa na mwalimu wake, Leonard Adleman. Mambo hayo hutajwa mara kwa mara. Kisichotajwa sana ni kile alichokithibitisha kwa hesabu, na kwangu hicho ndicho kiini cha jambo zima. Kwanza, alionyesha kwamba haiwezekani kuandika programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea, kwa sababu kama programu hiyo ingekuwapo, mwandishi wa kirusi angeweza kukipa kirusi chake uwezo wa kuiuliza kama chenyewe ni kirusi, kisha kikatenda kinyume cha jibu lolote itakalotoa. Pili, alionyesha kwamba popote ambapo taarifa hushirikishwa, na anayezipokea anaweza kuzipitisha kwa mwingine, kirusi kinaweza kufika kila mahali ambapo taarifa zenyewe zinaweza kufika. Mtu wa kwanza akimpa wa pili faili, na wa pili akampa wa tatu, basi kirusi cha wa kwanza kina njia ya kumfikia wa tatu, hata kama wawili hao hawajawahi kusikiana. Kinga kamili ni moja tu, nayo ni kutenganisha, na anayetenganisha kila kitu hana tena mtandao.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza nilikasirika kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuamini kwamba ulinzi ni suala la kununua programu nzuri zaidi. Baadaye hasira ilinitoka. Cohen alikuwa ananieleza kwa nini zile mashine tisa ziliniponyoka.

Minyoo ya kwanza haikuandikwa kwa nia mbaya. Mwaka 1971 programu iliyoitwa Creeper, iliyoandikwa na Bob Thomas wa kampuni ya BBN, ilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ikichapisha ujumbe mfupi wa kumtaka msomaji aikamate akiweza. Miaka kadhaa baadaye, katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, John Shoch na Jon Hupp waliandika programu ambayo wao wenyewe waliiita mnyoo, kwa lengo ninaloliona kuwa zuri hata leo: izitafute kompyuta zilizokaa bure usiku, izigawie kazi kubwa ya hesabu, na mmoja wa wafanyakazi hao wa mashine akifa, waliobaki wamtafute wa kuchukua nafasi yake. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1982 wanasimulia usiku mmoja walipouacha mnyoo ukifanya kazi katika mashine chache na kwenda nyumbani. Asubuhi walikuta mashine zimekufa kila upande wa jengo, kama mia moja hivi. Nakala ya programu ilikuwa imeharibika, na kila mashine iliyowashwa upya ilitwaliwa tena na mnyoo kisha ikaanguka tena. Waliokolewa na tahadhari waliyokuwa wameiweka mapema, yaani pakiti (furushi dogo la data) maalumu ya dharura ambayo ikirushwa mtandaoni huuamuru kila mnyoo usimame.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu hakina mhalifu. Mashine zile zilitengenezwa zikiwa tayari kupokea programu kutoka kwa mashine nyingine ya mtandao huo na kuiendesha bila kuuliza, na utayari huo ndio ulioufanya mtandao wao uwe wa kupendeza. Hakuna aliyevunja mlango, maana hapakuwa na mlango.

Miaka sita baadaye njia kama hizo zilitumiwa kwa upana zaidi. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliuachia mnyoo wake kupitia kompyuta ya chuo kingine, MIT, na kabla ya kupambazuka vyuo na maabara nyingi za Marekani zilikuwa zimeanza kukata mawasiliano yao na intaneti. Makadirio yanayotajwa sana ni mashine 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo. Mnyoo huo unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa kuwa karibu kila kitu tulichokuja kukiona baadaye kilikuwamo ndani yake tayari.

Ulikuwa na njia kadhaa za kuingia. Ya kwanza ilikuwa sendmail, programu ya kusafirisha barua, ambayo katika mashine nyingi ilikuwa imeachwa na hali ya majaribio iliyowafaa waandishi wake, na katika hali hiyo mtu wa mbali aliweza kuandika amri mahali pa jina la mpokeaji wa barua, nayo mashine ikaitekeleza. Ya pili ilikuwa huduma ya finger, iliyotumika kuuliza nani yuko kwenye mfumo. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya baiti 512 (baiti moja ni kama herufi moja) kwa ajili ya swali na haikupima urefu wa swali lenyewe. Mnyoo ulituma baiti 536, na zile zilizozidi zikafurika katika sehemu ya kumbukumbu inayoiambia programu iende wapi baada ya kumaliza kazi. Kuanzia hapo programu ilikwenda mahali ambapo mnyoo uliielekeza. Njia ya tatu ilikuwa nywila: jina la mtumiaji lenyewe, jina hilo likiandikwa kinyumenyume, maneno 432 yaliyobebwa ndani ya mnyoo, na mwisho kamusi iliyokuwa kwenye mashine.

Njia iliyobaki ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa haikuhitaji kasoro yoyote. Mifumo ya Unix, iliyoendesha kompyuta hizo za wakati ule, ilikuwa na faili ndogo zenye orodha ya mashine zinazoaminiwa, ili mtumiaji akishatambulika kwenye moja asiulizwe nywila kwenye nyingine. Mnyoo ulizisoma orodha hizo. Ulizitumia kama ramani ya kuonyesha jirani ni nani, na papo hapo kama ufunguo wa kuingia kwake, maana aghalabu anayeniamini mimi nami namwamini yeye.

Kilichoufichua mnyoo wa Morris ni wingi wake wenyewe. Kabla ya kukaa katika mashine uliangalia kama kuna nakala nyingine iliyotangulia, lakini kwa kuhofia kwamba wasimamizi wangeudanganya kwa jibu la uongo, Morris aliuandika kiasi kwamba mara moja katika kila saba uendelee kuishi hata kama umeambiwa kwamba nakala ipo. Moja ya saba inaonekana kuwa ndogo. Katika mtandao ambao mashine moja hugongwa mara kwa mara na majirani wengi, ilitosha kurundika nakala juu ya nakala mpaka mashine zikashindwa kufanya kazi nyingine yoyote. Morris alihukumiwa mwaka 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Wiki chache tu baada ya mlipuko huo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilianzishiwa kituo cha kuratibu dharura za namna hiyo, kinachojulikana kwa jina la CERT.

Kosa hilo la hesabu linanipeleka kwenye jambo ambalo watu wengi hulikadiria vibaya, nalo ni kasi. Mwanzoni mashine moja huambukiza chache, hizo chache huambukiza chache nyingine kila moja, na idadi hujizidisha maradufu kwa kipindi kile kile. Katika hatua hiyo mtazamaji haoni kitu, kwa kuwa mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Halafu ghafla anaona kila kitu. Mwishoni kasi hupungua yenyewe, kwa sababu mashine zinazoweza kuambukizwa zimebaki chache na nakala nyingi zinagonga milango ya mashine ambazo zimekwisha kuugua. Muda wa kujizidisha ndio unaoamua kama binadamu atapata nafasi ya kuingilia kati. Mnyoo wa Code Red, ulioshambulia seva za wavuti za Microsoft, ulijizidisha maradufu kila baada ya dakika 37 hivi, na tarehe 19 Julai 2001 uliambukiza mashine zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Watu waliamka, wakasoma habari, wakapigiana simu.

Mnyoo ulioitwa Slammer, wa tarehe 25 Januari 2003, haukumpa mtu nafasi hiyo. Ulijizidisha maradufu kila sekunde 8.5, maana yake ni kwamba kila dakika iliyopita mashine moja ilikuwa imekuwa zaidi ya mia moja. Ndani ya dakika kumi ulikuwa umezifikia asilimia 90 ya mashine zilizokuwa na kasoro uliyoitafuta, na kwa jumla uliambukiza zisizopungua 75,000. Tofauti ya kasi kati ya minyoo hiyo miwili ina maelezo mepesi. Mawasiliano mengi ya intaneti huanza kwa kubisha hodi: mashine ya kwanza hutuma pakiti ya kuomba kuongea, husubiri ya pili iseme karibu, na hapo tu ndipo mazungumzo yanapoanza. Code Red ulikuwa ukibisha hodi na kusubiri, hata kwenye nyumba zisizo na mtu. Slammer ulitumia aina ya mawasiliano isiyohitaji karibu. Mnyoo mzima ulikuwa na baiti 376, ukatosha ndani ya pakiti moja, na pakiti hiyo ilisukumwa chini ya mlango namba 1434 wa kila anwani iliyobahatishwa, kisha mnyoo ukaenda zake bila kungoja jibu. Kikomo chake kilikuwa upana wa kebo peke yake, na baada ya dakika kama tatu uliufikia kikomo hicho kwa kuijaza mitandao mpaka nakala zake zenyewe zikazibiana njia.

Slammer haukufuta faili wala kuiba kitu. Haukujiandika hata kwenye diski. Mashine ikizimwa, mnyoo unapotea. Pamoja na hayo mashine za kutolea fedha za benki zilisimama na safari za ndege zikachelewa, kwa sababu tu njia zilikuwa zimejaa. Tena wengi wa walioambukizwa hawakujua kwamba wana programu ya hifadhidata ambayo Slammer uliishambulia, kwa kuwa ilikuja imefichwa ndani ya programu nyingine walizozinunua kwa kazi tofauti. Ni vigumu kuufunga mlango usioujua.

Hapa niseme neno kuhusu viraka, yaani marekebisho yanayotolewa na watengenezaji wa programu kuziba kasoro. Kiraka cha kasoro iliyotumiwa na Code Red kilitoka Juni 2001, mwezi mmoja kabla. Cha Slammer kilitoka Julai 2002, miezi sita kabla. Cha Conficker kilitoka tarehe 23 Oktoba 2008, na mashine zetu 46 hazikuwa nacho mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Cha WannaCry kilitoka tarehe 14 Machi 2017, na mnyoo ukalipuka tarehe 12 Mei ukafika nchi kama 150, ukifunga faili za watu na kudai fidia, hadi mtafiti Marcus Hutchins alipoligundua jina la tovuti ambalo mnyoo uliliuliza kabla ya kuanza kazi, akalisajili, na nakala mpya zikanyamaza. Ni rahisi kusema kwamba wasimamizi ni wavivu. Mimi nimekaa kwenye kiti hicho na nakataa. Kiraka kinaweza kuiangusha programu ya mishahara siku ya mishahara, kinahitaji mashine izimwe na mkubwa wa idara hataki izimwe, na kwa muda wote ambao hakuna kilichotokea anayeahirisha huonekana mwenye busara kuliko anayesisitiza. Kwa upande mwingine, muda huo wa kuahirisha hautolewi kila mara. Machi 2004 mnyoo ulioitwa Witty ulitokea kama siku moja na nusu baada ya kasoro kutangazwa, ukaambukiza mashine takriban 12,000, na programu ulizozishambulia zilikuwa programu za ulinzi. Walioambukizwa ni wale waliojali hata wakaweka ulinzi.

Walikuwapo pia waliofikiri kwamba mnyoo unaweza kutibiwa kwa mnyoo. Agosti 2003, baada ya mnyoo wa Blaster kuenea, mtu asiyejulikana aliachia mwingine, Welchia, uliokuwa ukiingia kwa kasoro ile ile, ukamfuta Blaster, ukapakua kiraka na kukiweka. Uliijaza mitandao kwa pakiti za kutafuta majirani kiasi kwamba baadhi ya mashirika yalipata hasara zaidi kutoka kwa tabibu kuliko kutoka kwa ugonjwa. Naupinga msimamo huo kabisa. Anayeingia kwenye mashine ya mtu bila ruhusa hawezi kujua mashine hiyo inafanya kazi gani saa hiyo.

Nimeongea sana kuhusu mashine, ilhali mojawapo ya orodha kubwa za kuaminiana iko kwa watu, nayo ni kitabu cha anwani. Kirusi cha Melissa, Machi 1999, kilijituma kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha kila aliyekifungua. Kile kilichoitwa ILOVEYOU, kilichotokea Ufilipino tarehe 4 Mei 2000, kilijituma kwa wote. Kiambatisho chake kilikuwa na jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows kwa kawaida ilikuwa ikificha sehemu ya mwisho ya jina la faili, mpokeaji aliona TXT, alama ya maandishi yasiyo na madhara. Barua ilitoka kwa mtu anayemfahamu kweli, kutoka kwenye anwani yake halisi. Ushauri wa kutofungua barua za watu usiowajua haukumsaidia hata mmoja. Mwandishi wake hakufungwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo; ilitungwa Juni mwaka huo huo.

Mtandao wa anwani una umbo lake pia. Watu wengi wana majina machache, na wachache wana majina maelfu, na kupitia hao wachache kila mtu yuko karibu na kila mtu. Mwaka 2001 wanafizikia Romualdo Pastor-Satorras na Alessandro Vespignani walionyesha kwamba katika mtandao wa umbo hilo kirusi hakihitaji kuwa na nguvu nyingi ili kidumu. Hata kile chenye uwezo mdogo wa kuambukiza huweza kuendelea kuzunguka, maana mara kwa mara hukutana tena na mmoja wa wale wenye majirani maelfu.

Mlipuko ulionifundisha zaidi kuliko yote kuhusu imani ni NotPetya, wa tarehe 27 Juni 2017. Ulianza kwa kuteka seva za masasisho za M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi inayotumika sana Ukraini, kwa hiyo uliingia kwenye makampuni kwa njia ile ile ambayo viraka huingilia, ukipokewa kwa heshima. Ukishaingia ulitumia kasoro iliyotumiwa na WannaCry mwezi uliotangulia, lakini haukuitegemea. Ulichota nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, zikiwemo za wasimamizi waliowahi kuingia humo kurekebisha kitu, halafu ukazitumia kwa zana halali za Windows za kuendesha mashine nyingine kutoka mbali. Mashine yenye viraka vyote ilianguka kama jirani yake. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Seva zilizohifadhi orodha ya watumiaji wote wa mtandao wake zilikuwa zikinakiliana, kila moja ikiwa akiba ya nyingine, na zote zilifutwa pamoja isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika na kuitoa mtandaoni kabla mnyoo haujaifikia. Kutoka kwenye nakala hiyo moja kampuni iliweza kujijenga tena.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ofisi yetu ya mashine 46. Nilikuwa nimeziandaa karibu zote kwa kunakili diski ya mashine moja, njia iliyookoa siku nyingi za kazi, na kwa hiyo akaunti ya msimamizi ilikuwa na nywila moja katika zote: neno admin likifuatiwa na 123. Conficker ulibeba orodha ya nywila rahisi zaidi ya mia mbili na ile yetu ilikuwamo. Mashine zote ziliweza kufikiana folda, ingawa mhasibu hakuwa na haja yoyote na folda za mapokezi. Na flashi moja ilikuwa ikizunguka idara nzima kwa ajili ya kuchapisha; ilipochomekwa, dirisha la Windows lilionyesha alama ya folda yenye maneno ya kumwalika mtu aone faili zake, na aliyebonyeza hapo aliuendesha mnyoo. Kasoro ambayo kiraka kingeiziba ilikuwa njia moja. Nyingine zote nilizijenga mimi, kwa nia njema, ili watu wafanye kazi kwa urahisi.

Jumamosi ya wiki ile niliomba ofisi ifungwe. Nilichomoa kebo zote 46 kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachoziunganisha, taa zake zikazimika safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilijua kwamba mashine niliyoisafisha ingebaki safi. Nilikuwa nimechoma kiraka na zana ya kusafishia kwenye CD, kwa sababu CD haiandikwi mara ya pili. Kila mashine ilisafishwa, ikawekewa kiraka, ikazimiwa tabia ya kufungua flashi yenyewe, na ikapewa nywila yake ya msimamizi, ambayo niliiandika kwenye daftari lililofungiwa kabatini. Nilirudisha kebo moja moja, nikikaa dakika chache baada ya kila moja kutazama taa yake na orodha ya akaunti zilizofungwa. Ilifika Jumapili saa tano usiku.

Kebo ya 46 sikuirudisha. Ilikuwa ya mashine kuukuu iliyoendesha mtambo wa kuchapia lebo, yenye toleo la Windows ambalo halikutolewa kiraka tena, na mtambo ule haukukubali toleo jingine. Niliikata kebo yake kwa koleo karibu na ukuta, mtu asije akaichomeka kwa bahati mbaya, na tukakubaliana kwamba orodha za lebo zipelekwe kwake zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi na kuandikwa upya kwa mkono. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo alinilalamikia kila wiki kwa mwaka mzima, na alikuwa na haki.